Roboti Aliyeogopa Chokaa

Mimi nililipwa kuona makosa. Nilikaa kwenye kiti cha kukunja karibu na kamera, skripti mapajani, saa ya kupimia muda shingoni, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba mwigizaji aliyeshika sigara kwa mkono wa kushoto asubuhi hajaihamishia kulia baada ya chakula cha mchana. Cheo changu kilikuwa karani wa skripti. Dairekta wetu, Ashby Lockridge, aliiita kazi ya kunung'unika kwa mshahara, na mimi mwenyewe aliniita Bi Kasoro, mbele ya watu. Sikujali. Mimi, Nettie Garabedian wa Fresno, nilikwisha kuitwa mabaya zaidi na shangazi zangu.

Kipindi chetu kiliitwa Sayari Jirani: roketi, watu wa kijani, wanasayansi wenye nywele zilizosimama. Nusu saa kila Ijumaa, pamoja na matangazo ya sabuni. Oktoba mwaka 1960 tulipewa skripti ya besiboli. Aliyeiandika ni Sy Perlstein, mtu mfupi mwenye miwani minene, mzaliwa wa Brooklyn, ambaye timu aliyoishabikia ilipohamishiwa kwetu Los Angeles hakusamehe mtu yeyote, hata mimi niliyekuwa sijui besiboli ina wachezaji wangapi.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Kiwanda cha mashine za kufulia kinaunda roboti wa kurusha mpira. Roboti anarusha, wapigaji wanapunga magongo hewani, timu inashinda kila siku. Mwanzoni mji mzima unashangilia. Halafu watu wanaanza kubaki nyumbani, maana nani aende uwanjani kutazama jambo analolijua tayari? Mwishoni roboti anarusha mbele ya viti vitupu, anageuka, anasimama akisubiri mtu mmoja tu apige kelele. Nilipoisoma nililia kidogo, nikasingizia mafua.

Uso wa roboti ulikuwa wa Royce Tennant, kijana mzuri kupita kiasi, aliyepakwa rangi ya fedha hadi masikioni. Tatizo ni kwamba Royce alirusha mpira kama mtu anayewatupia bata mkate. Kwa hiyo kwa picha za mbali ilibidi atafutwe mrushaji wa kweli, avikwe bati lile lile na kofia ya chuma inayofunika uso mzima, arushe yeye.

Akaletwa Ludvik Drabek. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, mrefu, ana mikono mikubwa asiyojua aiweke wapi akiwa amekaa. Miaka ishirini na moja alikuwa amerusha mpira katika ligi za chini, timu kumi na moja, miji ambayo hata wenyeji wake wanaisahau, na wakubwa, yaani timu za ligi kuu, hawakumwita hata siku moja. Timu yake ya mwisho ilikuwa ya hapa hapa mjini, katika uwanja wa zamani ule ule tuliokodi kupigia picha. Alijua bomba lipi la bafuni linavuja.

Wapigaji walikuwa wachezaji vijana waliokuwa mapumzikoni, wamekodiwa kwa siku nne kupunga magongo na kukosa mpira. Mkuu wao wa midomo alikuwa Dell Mayhew, kijana wa Arkansas mwenye miguu mirefu. Walimwita Lud "Babu."

"Babu, hilo bati lisikubane tumbo," Dell alimwambia siku ya kwanza, wavalishaji wakihangaika kumfunga skrubu. "Ukiharibika tutaita fundi wa mashine za kufulia."

"Wewe kazi yako leo ni kukosa mpira," Lud akamjibu kutoka ndani ya kofia. "Msimu mzima umeifanya bure, sasa umepata wa kukulipa."

Wenzake Dell walivunjika mbavu, na mimi pia. Nilimpenda Lud tangu hapo. Tusielewane vibaya: nilimpenda kama unavyompenda mtu anayefuta miguu kabla ya kuingia nyumbani kwako.

Siku mbili za kwanza tulipiga picha zake. Mara saba alitoka kwenye benchi la timu akatembea hadi kwenye kile kichuguu cha udongo ambacho mrushaji husimama juu yake. Kati ya benchi na kichuguu kuna mstari wa chokaa unaoonyesha mwisho wa uwanja. Na mara zote saba, alipofika kwenye mstari, alifupisha hatua, akauruka kwa mguu wa kulia, akaendelea na safari yake. Niliandika kwenye karatasi zangu: anaruka mstari. Mara saba sawasawa. Mimi napenda kitu kikiwa sawasawa.

Siku ya tatu ikawa zamu ya Royce. Kamera ikawekwa karibu, Royce akatoka kwenye benchi na bati lake, akatembea kifua mbele, akaukanyaga mstari katikati, puu, chokaa ikaruka mpaka kwenye kifundo. Kule walikokaa wale vijana nikasikia mtu akiguna kama kachomwa sindano.

Nikainua mkono. "Bwana Lockridge, picha haziungani. Drabek anauruka mstari, Royce anaukanyaga."

Laiti ningejua.

Lockridge aliangalia karatasi zangu, kisha akamwangalia Lud. "Unauruka? Kwa nini?"

"Ndivyo ninavyotembea, bwana," Lud akasema.

"Wewe ndivyo unavyotembea. Wewe si wewe hapa, wewe ni mashine. Chuma hakiogopi chokaa! Mchana huu tunarudia picha zako zote, na safari hii utatembea kama kitu kilichotoka kiwandani."

Sasa, kwa asiyewajua watu wa besiboli: mrushaji hakanyagi ule mstari. Hakuna anayejua nani alianza wala kwa nini. Ukimuuliza atakwambia hana ushirikina hata kidogo, anauruka tu. Kuna waliovunjika mkono baada ya kuukanyaga, kuna ambao wake zao waliwakimbia, na kila mmoja ana jina na mji, na msimulizi alikuwepo. Haya yote nilielezwa na Dell kwa dakika kumi mfululizo, nikiwa nimeshikilia kalamu.

Lud alijaribu. Namshuhudia, alijaribu kwa moyo wote. Mara ya kwanza alifika pale, mguu ukaruka. Akaomba radhi. Mara ya pili alifumba macho ndani ya kofia, mguu ukaruka. Mara ya tatu alitembea haraka haraka ili asipate nafasi ya kufikiri, akafika, akasimama wima kama punda aliyeona daraja, kisha akauruka kwa miguu yote miwili, bati zima likalia kama sufuria zimeanguka kabatini. Mara ya nne Lockridge alitupa kofia yake chini.

"Mtu mzima huyu! Kanyaga!"

"Bwana dairekta," Dell akasema, amesimama na gongo begani, na nyuma yake wenzake wanane. "Babu akiukanyaga huo mstari, sisi hatusimami kupiga. Samahani sana. Mimi nina msimu mwakani."

"Lakini ni filamu!"

"Mstari hauna habari kwamba ni filamu, bwana."

Lockridge alitangaza chakula cha mchana kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

Nilikuwa nimekasirika. Kosa nililiona mimi, kurekebisha ni kazi ya dakika mbili, na dume zima linashindwa kuweka kiatu juu ya unga mweupe. Nikachukua mkate wangu nikamfuata Lud kwenye benchi. Alikuwa amevua kofia, nywele zimeshikana kwa jasho, anakula soseji baridi.

"Bwana Drabek, utatumwagisha unga sote. Unaogopa nini?"

"Siogopi, Bi Nettie."

"Basi kanyaga."

"Siwezi." Akatafuna kidogo. "Na hata ningeweza nisingetaka. Baba yangu anatakiwa kuona."

"Baba yako yuko wapi?"

"Pennsylvania. Machimboni. Yaani, alikuwa machimboni. Sasa yuko kwenye kiti."

Akanieleza taratibu, akiangalia soseji badala ya kuniangalia mimi. Baba yake, Josef, alichimba makaa ya mawe miaka arobaini, na Jumapili alirusha mpira katika timu ya wachimbaji. Yeye ndiye aliyemfundisha Lud, kwenye uchochoro nyuma ya nyumba za kampuni, wakachora mstari kwa chokaa ya kupaka kuta. Kuruka mstari ndilo lilikuwa somo la kwanza, kabla hata ya kushika mpira. Lud alipotimiza miaka kumi na minane akaondoka kwenda kucheza. Tangu siku hiyo baba yake hajawahi kumwona akirusha. Mwanzoni miji ilikuwa mbali na machimbo hayatoi ruhusa. Baadaye vumbi la makaa likamla mapafu, ikawa hata kufika kanisani ni safari.

"Na kila mwaka theluji ikiyeyuka nilimwandikia," akasema. "Baba, mwaka huu wakubwa wataniita, utanisikia redioni. Baba, mwaka huu kweli. Miaka ishirini na moja, Bi Nettie. Ungekuwa wewe ungeniamini?"

Nikaumega mkate wangu.

"Sasa dada yangu Bozena amemnunulia televisheni. Daktari ameacha kumhesabia miaka, anamhesabia miezi. Nikapiga simu, nikasema, baba, Januari utaniona nikirusha, mimi ndiye yule roboti. Nikadhani simu imekatika. Halafu akasema, 'Umeniambia mengi, Ludvik. Nitaangalia mwenyewe. Kama ni wewe nitakujua.'" Akaigeuza ile kofia mapajani. "Uso wangu hauonekani. Jina langu haliandikwi. Nina kitu gani kingine? Akiona bati linauruka mstari, atajua. Asipoona, atakufa akijua kwamba mwanawe alimdanganya mpaka mara ya mwisho."

Nilikaa pale na mkate wangu. Nina tabia moja mbaya: nikigundua kwamba nimekosea huwa nakasirika zaidi, lakini hasira naigeuzia upande mwingine. Nikasimama nikaenda kwa Lockridge, ambaye alikuwa anabishana na Sy Perlstein nyuma ya kamera.

"Ashby, fikiri," Sy alikuwa anasema, anaruka ruka kwa hasira. "Waliomuunda waliiga kutoka kwa nani? Kwa mrushaji! Basi wameiga na kuruka! Ni kitu kizuri kuliko chochote nilichoandika, na mimi nimeandika vizuri."

"Mashine haina bahati, Sy. Ndiyo hadithi yako yote."

"Bwana Lockridge," nikaingilia, na nikafungua karatasi zangu. "Acha mambo ya bahati. Nina picha saba za Drabek anaruka. Nina moja ya Royce anakanyaga. Jua linaondoka kwenye benchi saa kumi. Unaweza kurudia saba na mtu asiyeweza na wapigaji waliogoma, au unaweza kurudia moja na mtu anayefanya lolote analoambiwa."

Lockridge alitazama jua kule juu ya benchi. "Bi Kasoro, uko upande wa nani?"

"Wa jua."

Akashindwa. Lakini usidhani kumfundisha Royce Tennant kuruka mstari kulikuwa jambo dogo. Mara ya kwanza aliruka kama mcheza baleti. Mara ya pili alikosea mguu. Mara ya tano alianguka kifudifudi ndani ya bati, akabaki anatapatapa chini kama mende, na ilibidi Dell na wenzake wamnyanyue. Lud mwenyewe akaja akamshika mkono, akamwonyesha: "Usiuangalie. Wewe unajua mstari upo, mstari unajua wewe upo, yatosha." Mara ya tisa ikakubali. Vijana walipiga makofi. Royce alitoa machozi ya furaha, yakachora mistari miwili kwenye ile rangi ya fedha, nikalazimika kuinua mkono tena.

Siku tulipomaliza, Lud alinipa mkono. "Bi Nettie, Mungu akuweke." Mimi niliona nimefanya la maana, na nilitembea nimevimba kichwa wiki nzima.

Katikati ya Desemba nilipita chumba cha mhariri kuchukua karatasi zangu. Alikuwa anaitazama kazi yetu kwenye kioo kidogo, nikasimama nyuma yake. Roboti anatoka kiwandani. Roboti anaonyeshwa kwa waandishi wa habari. Roboti yuko kwenye kichuguu, anarusha.

"Umeruka kipande," nikasema. "Kutoka kwenye benchi."

"Sijaruka, nimekata. Watu wa sabuni wametaka sekunde arobaini zaidi za tangazo. Nimetoa kutembea kote."

"Kote? Hata mara moja?"

"Nettie, kutembea si hadithi. Akiwa benchi tunamwona, akiwa kwenye kichuguu tunamwona. Nani atauliza alifikaje?"

Nilimjibu maneno ambayo sitayarudia. Nikakimbilia kwa Lockridge, na yule mtu ambaye sikuwahi kumwona mpole alinivutia kiti. Alikuwa anajua. Alikuwa amekwenda mwenyewe kwa watu wa sabuni kuomba wamwachie hata mruko mmoja. "Walinisikiliza vizuri sana," akasema. "Halafu wakaniuliza kama roboti anaweza kushika sabuni."

Ilibaki wiki tatu na nusu kabla ya kipindi kurushwa. Katika wiki hizo nilionana na Lud mara nne na nikafyata ulimi mara nne. Mara ya kwanza nilijiambia nitamwambia baada ya Krismasi. Baada ya Krismasi alinionyesha barua ya Bozena: baba ameanza kulala mchana Ijumaa ili awe macho jioni, anafanya mazoezi ya kukesha. Ningesema nini? Mimi ambaye nimewahi kusimamisha watu arobaini kazini kwa sababu ya kifungo kimoja cha shati, nilikaa nikamwambia kahawa ya hapa ni chungu siku hizi. Naona aibu hadi leo.

Ijumaa yenyewe waliketi kwangu, Lud na Sy. Nilikuwa na chumba kimoja na sebule, na simu yangu mwenyewe, wakati alikopanga Lud simu ilikuwa ukumbini na foleni yake. Bozena alikuwa ameahidi kupiga kipindi kikiisha. Sasa, kule Pennsylvania saa zao zipo mbele ya zetu kwa saa tatu. Kipindi kilirushwa kwao saa mbili na nusu usiku, yaani kwetu saa kumi na moja na nusu jioni, na sisi tungekiona baada ya saa tatu nyingine. Televisheni yangu ilikuwa inaonyesha mtu anayefundisha kupika samaki. Lakini upande wa pili wa nchi, mzee Josef alikuwa anatazama.

Lud alivaa tai. Alikaa ukingoni mwa kochi, mikono katikati ya magoti.

Sy alichukua saa yangu ya kupimia, akaibonyeza. "Sasa muziki," akasema. Alikijua kipindi kizima kwa kichwa. "Sasa tangazo la kwanza. Sasa bosi wa kiwanda anafungua sanduku... sasa kofia inang'aa. Hapo baba yako anakohoa, anamwambia dada yako amsogezee kiti."

"Anasogeza mwenyewe," Lud akasema, akitabasamu. "Ni mbishi."

"Sasa uwanja umejaa. Kelele. Roboti yuko benchi. Anasimama." Sauti ya Sy ikashuka. Yeye pia hakuwa anajua. Alikuwa safarini New York tangu Novemba. "Anatoka. Lud, anatoka, hatua, hatua, anaukaribia mstari—"

"Haukaribii," nikasema.

Wote wawili wakageuka.

"Wamekata. Kutembea kote. Yupo benchi, halafu yupo kwenye kichuguu. Niliona mwezi uliopita, Lud. Nilishindwa kukwambia. Nisamehe."

Sy alianza kutukana watu wa sabuni, kwa Kiingereza na kwa lugha ya mama yake. Lud alilegeza tai. Alitazama televisheni, ambako mtu yule alikuwa anamkamulia samaki limau, akatazama kama vile jambo hilo lilimhusu.

"Haina neno, Bi Nettie," hatimaye akasema. "Ulijitahidi."

Ningependa anipige kofi. Saa ilikuwa bado inatembea mkononi mwa Sy, na kila mmoja wetu aliisikia. Dakika ishirini. Ishirini na tatu. Kule mbali roboti alikuwa anarusha, vijana wanapunga magongo, viti vinabaki vitupu. Ishirini na nane. Tangazo la mwisho. Lud akasimama.

"Nafikiri nitaenda zangu. Akipiga Bozena, mwambie—"

Simu ikalia.

Nilipokea mimi kwa sababu nilikuwa karibu, na kwa sababu Lud alikuwa ameganda. Opereta akasema simu ya mbali kutoka Pennsylvania. Kisha sauti ya mwanamke, amechoka, nyuma yake mtu anapiga kelele.

"Dada, ndugu yangu yupo hapo? Tafadhali mpe haraka. Baba hanyamazi tangu katikati ya kipindi. Jirani amekwisha kugonga ukuta mara mbili."

Nikampa Lud simu. Hakuwa na haja ya kuiweka sikioni. Tulisikia sote, sauti kavu kama changarawe, inakatwa na kikohozi na kuanza tena pale pale ilipokatiwa.

"Ludvik!"

"Naam, baba."

"Kiwiko!"

"Baba?"

"Unaangusha kiwiko! Yule mpigaji mwenye miguu mirefu, mpira wa pili, umeangusha kiwiko kama unachota maji kisimani! Miaka ishirini na moja, hao makocha wako wote walikuwa vipofu?"

Lud aliishika simu kwa mikono miwili.

"Bozena ananiambia, baba, hiyo ni mashine. Nikamwambia, mashine gani! Mashine ingefundishika! Yule ni Ludvik wangu, namjua, nimemwambia habari ya kiwiko tangu ana miaka saba na hasikii!"

Sy alikaa chini, sakafuni kabisa, akavua miwani. Mimi niliyemwangalia Lud siku nne, kalamu mkononi, sikuwa nimeona kiwiko chochote.

"Siangushi," Lud akasema. Alikuwa analia, na sauti yake ilikuwa ya mtoto anayebishana. "Ilikuwa lile bati, baba, linabana kwapani."

"Usisingizie bati."

"Kweli, baba."

"Hukuwa na bati uchochoroni!" Kikohozi kirefu. Bozena alisema kitu kwa mbali, mzee akamwambia amwache. Aliporudi sauti ilikuwa imepungua nguvu, ikabidi Lud aibane simu sikioni, lakini nilikuwa nimesimama karibu. "Umesimama?"

"Nimesimama."

"Una mpira?"

Lud akaangalia huku na huku. Nikachukua chungwa kwenye bakuli nikamtia mkononi.

"Ninao, baba."

"Haya. Inua mkono, taratibu."

Akaibana simu kwa bega la kushoto, akarudi nyuma hatua moja kati ya kochi na televisheni, na akainua mkono wa kulia na lile chungwa.

"Juu zaidi," mzee akasema.

"Baba, hunioni."

"Nakuona. Juu zaidi."

Akainua.